Somo: Namna ya kugeuza visa vya kazi ya kudai madeni kuwa kitabu

Salaam ndugu zangu. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kudai madeni ana visa vya kutosha. Tukikutana wawili watatu tuliopita humo, mazungumzo hayaishi: yule aliyepokea simu akajifanya mdogo wake, yule aliyekuja kulipa deni la marehemu kaka yake bila kuitwa na mtu, yule aliyelipa nusu halafu akaomba apewe risiti ya deni lote ili mkewe aione. Mwisho wa mazungumzo lazima mmoja aseme, "Haya yote ningeyaandika kitabu." Wengi huishia kwenye kusema. Somo hili ni la anayetaka kuandika kweli.

Nitangulize ninachokiamini, maana hatua zote zinatoka hapo. Visa hivi si vyako peke yako. Nusu yake ni ya mtu wa upande wa pili wa simu, ambaye hakuombwa ruhusa ya kuingia kitabuni. Aliongea na wewe kwa sababu amebanwa. Kilicho chako kwa haki ni ulichosikia, ulichojibu, ulichokuwa unakiogopa, na namna kazi ilivyokubadilisha. Kitabu cha kazi hii kinasimama juu ya hayo. Kikisimama juu ya aibu ya mdaiwa, msomaji atacheka kurasa chache kisha atakiweka chini.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako wa kazi kabla hujafungua daftari

Karibu kila mkataba wa kazi hii una kifungu cha usiri, na mara nyingi kifungu hicho kinaendelea kukufunga hata baada ya kuacha kazi. Kisome neno kwa neno. Taarifa za mteja, yaani jina, namba, kiasi anachodaiwa, maelezo ya faili na rekodi za simu, ni mali ya mwajiri na ni siri ya mdaiwa. Usizibebe. Kama bado una picha za skrini kwenye simu yako, zifute, usizifanye chanzo cha kitabu.

Na hata bila mkataba, kumbuka kazi yenyewe ilivyokufundisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia wakusanyaji wa madeni inakataza kumweleza mtu wa tatu habari za deni la mtu, na inaweka simu kati ya saa mbili asubuhi na saa tatu usiku kwa saa za mdaiwa, isipokuwa yeye mwenyewe amekubali vinginevyo. Umoja wa Ulaya nao una kanuni zake za ulinzi wa taarifa binafsi zilizoanza kutumika Mei 2018, na nchi nyingi zina sheria za namna hiyo. Kama hukuruhusiwa kumwambia jirani yake, basi hukuruhusiwa kuwaambia wasomaji wako pia. Kwa hiyo utaandika kwa kumbukumbu, na utabadilisha watu. Hatua ya 3 inaeleza namna.

Hatua ya 2: Kusanya kumbukumbu, ukianza na sauti

Usianze na "Sura ya Kwanza". Anza na daftari na ujiulize maswali madogo. Ni sauti gani bado naikumbuka? Nani alinyamaza, na alinyamaza muda gani kabla hajajibu? Nilikuwa nakaa wapi, nani alikuwa kushoto kwangu, na yeye alikuwa anapigaje simu zake? Mwisho wa mwezi, lengo halijafikiwa, msimamizi alikuwa anasema nini akipita nyuma ya viti? Siku niliyopata kamisheni kubwa, ilitokana na deni la nani?

Kazi ya simu huacha kumbukumbu za masikio kuliko za macho, na hiyo ni hazina. Mtoto analia kwa nyuma, redio inapunguzwa, mtu anatoka nje ili wenzake kazini wasisikie. Andika hivyo vipande kama vilivyo, bila kuvipanga. Waliokuwa wanatembea nyumba kwa nyumba watakuwa na vyao: pazia lililosogezwa kidogo, mtoto aliyetumwa aseme "baba hayupo" huku akiangalia ndani.

Endelea mpaka uone kuwa visa vipya vinafanana na vya zamani. Hapo una mali ya kutosha.

Hatua ya 3: Badilisha watu mpaka wasijitambue

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanabadilisha jina, basi. Jina si utambulisho pekee. Ukiandika "mwalimu mkuu mwenye mapacha aliyekopa ili afungue duka la dawa", umeshamtaja, hata ukimwita jina lingine. Na mtu anaweza kushtaki kwa kashfa kama wanaomfahamu wanaweza kumtambua, jina lake liwepo au lisiwepo.

Badilisha vitu vitatu au vinne kwa pamoja: kazi yake, umri, familia yake, aina ya deni, mwaka. Mara nyingine badilisha hata jinsia, kama kisa hakivunjiki. Usichobadilisha ni kile kilichokufanya ukumbuke kisa hicho, yaani sababu aliyoitoa, uongo aliousema na jinsi alivyousema, au wema ambao hukuutegemea. Ukigundua kuwa kisa hakisimami bila kile kitu kimoja kinachomtambulisha mtu, kisa hicho kiache. Najua inauma, hasa kikiwa ndicho kisa chako bora. Kiache hivyohivyo.

Kipimo changu ni hiki: mdaiwa mwenyewe akikisoma kitabu kwenye basi, amekaa na shemeji yake, aweze kumpa shemeji asome bila kuogopa.

Ukiunganisha wadaiwa wawili kuwa mhusika mmoja, na kitabu unakiita cha kweli, sema hivyo kwenye dibaji. Sentensi mbili zinatosha. Msomaji anasamehe mabadiliko aliyoambiwa mapema, ila akiyagundua mwenyewe haamini tena chochote.

Hatua ya 4: Amua ni kitabu cha aina gani

Kuna njia tatu za kawaida. Kumbukumbu za kweli, ambapo "mimi" ni wewe na umebadilisha watu wengine. Mkusanyiko wa hadithi fupi, ambapo kila kisa kinasimama chenyewe. Na riwaya, ambapo hata mkusanyaji ni mhusika wa kubuni. Riwaya inakupa nafasi kubwa ya kuwalinda watu, lakini inadai ustadi zaidi, kwa sababu visa peke yake havitengenezi riwaya. Kwa anayeandika kitabu cha kwanza napendelea kumbukumbu, kwa sharti moja: uwe tayari kujiweka wazi wewe kabla ya kumweka wazi mwingine.

Hatua ya 5: Toa kisa kwenye faili, kiweke kwenye tukio

Hatua hii ndiyo kitabu chenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa.

Miaka ya kujaza maelezo ya simu hutufundisha kuandika kwa mkato. Mfano wa kubuni:

"Tarehe 14. Simu imepokelewa. Mdaiwa hana kazi. Ameahidi nusu tarehe 28. Hajalipa."

Mtu akitaka kugeuza haya kuwa hadithi, mara nyingi huandika hivi: "Siku moja nilimpigia mdaiwa mmoja aliyekuwa na matatizo mengi. Alinieleza shida zake na mimi nikamwonea huruma sana." Hii bado ni faili, imeongezewa huruma tu. Msomaji hajasikia mtu yeyote akiongea. Sasa tujaribu hivi:

"Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. 'Ndiyo, bosi.' Nilipotaja jina la kampuni, sauti ikashuka. Nikasikia mlango ukifungwa, hatua, halafu mlango mwingine. 'Haya, sema,' akaninong'oneza. 'Nilidhani ni wale wa usaili.' Kwenye skrini yangu kulikuwa na visanduku vinne: ameahidi, amekataa, hapatikani, namba si yake. Nikabonyeza 'ameahidi' kabla hajaahidi."

Angalia kilichotokea. Hakuna sentensi inayosema mtu huyu ana shida, lakini tunajua alikuwa anasubiri simu ya kazi, na tunajua ndani ya nyumba kuna watu asiotaka wasikie. Hakuna jina, kazi wala kiasi. Na la maana kuliko yote, mkusanyaji amefanya jambo. Amebonyeza. Kuanzia hapo msomaji anataka kujua mtu huyu anayebonyeza ni nani.

Chukua visa vyako vitano na uvipitishe kwenye njia hii. Tafuta palipo na kitendo chako. Kama kwenye kisa kizima wewe ulikuwa unasikiliza tu na kushangaa, hicho ni kisa cha kusimulia wenzako, hakijafika kitabuni bado.

Jambo la pili la hatua hii ni hesabu. Msomaji wa nje haelewi deni linavyokaa, na bila kuelewa atawaona wadaiwa wako wote ni wakaidi. Mweleze kwa ufupi, ndani ya mazungumzo. Mfano: mtu amekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi analeta 10,000. Katika mikataba mingi malipo hufunika kwanza faini na gharama, kisha riba, na kinachobaki ndicho kinachopunguza deni la msingi. Baada ya miezi 12 amelipa 120,000 na bado anadaiwa 100,000 zilezile. Anaposema kwa hasira "nimelipa mwaka mzima!", anasema kweli, na wewe unaposoma skrini na kumwambia deni lipo palepale, nawe unasema kweli. Kweli mbili zinagongana kwenye simu moja. Ugomvi huo una uzito kuliko matusi yoyote utakayoyanukuu.

Vilevile eleza kuwa madeni ya zamani huuzwa. Kampuni hununua mafaili kwa sehemu ndogo ya thamani yake, kisha hudai deni lote. Ndiyo maana mdaiwa anapigiwa na watu ambao hajawahi kukopa kwao, na anadhani ni matapeli. Kama ulifanya kazi kwenye kampuni ya namna hiyo, hilo peke yake ni sura nzima.

Na usisahau swali ambalo wadaiwa huuliza kwa sauti ya chini: "Nitafungwa?" Hofu hiyo ina mizizi mirefu. Uingereza ilikuwa ikiwafunga watu kwa madeni ya kawaida mpaka sheria ya mwaka 1869 ilipopunguza jambo hilo kwa kiasi kikubwa, na wengi waliofungwa walibaki ndani kwa sababu hawakuwa na namna ya kupata fedha wakiwa humo. Andika ulivyolijibu swali hilo, na kama kulikuwa na wenzako walioliacha lining'inie kwa makusudi ili hofu ifanye kazi yao, andika na hilo.

Hatua ya 6: Mpangilio

Kupanga kwa tarehe huchosha haraka, maana siku za kazi hii zinafanana. Napendekeza upange kwa umri wa deni, yaani siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa ipite. Sehemu ya kwanza ni siku 30 za mwanzo: vikumbusho, adabu, "samahani kwa usumbufu". Ya pili ni kati ya siku 30 na 60: ahadi, na kuvunjika kwa ahadi. Ya tatu inafika siku 90, wakati mdhamini anapoanza kupigiwa simu na urafiki wa watu unavunjika. Zaidi ya siku 90, ambapo mabenki mengi huuhesabu mkopo kuwa chechefu, yaani usiolipika ipasavyo, wanaingia mawakili, madalali, mnada, au deni linauzwa au kufutwa.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba na wewe msimulizi unazeeka pamoja na deni. Visa vyako vya mwanzo wa kazi viende sehemu ya kwanza, na vile vya wakati umeshakuwa mgumu viende mwisho. Msomaji ataona mabadiliko bila wewe kumwambia.

Hatua ya 7: Urefu, wasomaji wa kwanza, uchapaji

Kumbukumbu nyingi huwa na maneno kati ya 60,000 na 90,000. Kwa ukubwa wa A5, ukurasa hubeba takriban maneno 300, kwa hiyo maneno 60,000 ni kama kurasa 200. Ukiwa na 30,000 tu na umesema yote, chapisha 30,000.

Mpe rasimu mtu mmoja aliyefanya kazi hii na mwingine aliyewahi kudaiwa vibaya. Wa kwanza atakuonyesha ulipodanganya kuhusu kazi, wa pili atakuonyesha ulipodharau. Maoni ya wa pili yape uzito zaidi. Halafu, kama uwezo upo, mpe mwanasheria asome zile sura tu zenye wasiwasi.

Ukijichapishia mwenyewe, omba ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwenye ofisi inayohusika nchini kwako. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na kila umbo la kitabu, la karatasi na la kielektroniki, linachukua namba yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi bado nipo kazini. Naweza kuanza kuandika au nisubiri niache?

Anza kukusanya, usichapishe. Andika nyumbani, kwenye daftari lako, kamwe si kwenye kompyuta ya ofisi. Usiandike jina wala kiasi hata kwenye daftari. Kuna faida nyingine ya kusubiri: ukiwa ndani, bado unajitetea. Ukitoka, baada ya muda, utaanza kuwasikia wadaiwa tofauti, na visa vingine vitabadilika maana kabisa.

Nilikuwa mkali sana enzi hizo. Nikiandika ukweli watu watanichukia. Nikiulainisha nitakuwa nadanganya. Nifanyeje?

Dada, andika ukali ulivyokuwa, kwa maneno yaleyale uliyotumia. Usiweke aya ya kujitetea baada yake, na usiweke aya ya kujilaani. Weka kilichokuwa kinakubana wakati huo, kama lengo la mwezi, au kodi yako mwenyewe, au msimamizi anayesikiliza simu yako. Msomaji ana akili ya kuona vyote viwili kwa pamoja. Anayemchukia msimulizi katika ukurasa wa 40 anaweza kuwa anamwelewa ukurasa wa 150, lakini msimulizi asiyeaminika hasomwi mpaka huko.

Ninazo rekodi za simu kadhaa nilizohifadhi. Naweza kunukuu maneno kamili?

Hapana, ndugu yangu. Rekodi zile si zako, na yule mdaiwa aliambiwa, kama aliambiwa, kwamba simu inarekodiwa kwa ajili ya huduma, hakuambiwa kwa ajili ya kitabu. Zifute. Utashangaa kuwa mazungumzo unayoyakumbuka yana nguvu kuliko rekodi, kwa sababu kumbukumbu imeshachuja "halo, halo, unanisikia".

Kuna mdaiwa wangu alifariki tukiwa bado tunamdai. Sijawahi kumsahau. Marehemu hashtaki, kwa hiyo naweza kutumia jina lake?

Ni kweli, katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kesi ya kashfa haifunguliwi kwa niaba ya marehemu. Lakini wapo watoto, na huenda wengine hawajui baba yao alikuwa na deni. Usitumie jina. Andika siku ulipopata habari: nani alikuambia, faili lilifungwaje, na ulipiga simu gani iliyofuata. Naamini sura hiyo ndiyo moyo wa kitabu chako, usiiharakishe.

Nitumie jina la bandia?

Kama unahofia usalama au familia, tumia. Ila fahamu kwamba jina la bandia linakuficha wewe kwa msomaji wa kawaida, halimfichi mdaiwa na halikutoi kwenye mkataba wako. Kazi ya hatua ya 3 iko palepale.

Matusi je? Wadaiwa wangu walikuwa wanatukana mno.

Weka tusi moja pale linapobadilisha mazungumzo. Mengine sema tu kuwa alitukana, halafu andika alichosema baada ya kumaliza kutukana. Mara nyingi hapo ndipo ukweli ulipokuwa unatoka.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nilidaiwa mpaka vitu vikachukuliwa. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana, na una uhuru ambao sisi hatuna, maana siri ya deni ni yako na unaweza kuitoa. Badilisha tu majina ya waliokupigia simu, hasa wale vijana wa mwisho kwenye ngazi. Panga kwa umri wa deni vilevile, ila wewe anza na siku ulipokopa na ulichokuwa unakitaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuliokuwa kwenye simu tuliyaona matanga peke yake. Ile harusi hatukuwahi kuiona, na hakuna anayeweza kuiandika isipokuwa wewe.